Banda la video la Kirumba na Jumapili za Roberto Durán

Kwa Jumapili tano mfululizo nimelipa shilingi 1,000 kuingia kwenye banda moja la video Kirumba, karibu na soko la samaki la Mwaloni, na sijajutia hata moja. Wapenzi wa ngumi wa Mwanza tumezoea kwamba banda ni la Simba na Yanga na Ligi ya Uingereza. Mzee mwenye banda hili ameamua kwamba Jumapili usiku, mpira ukiisha, anaonesha mapambano ya zamani. Tena haokoti okoti. Amemchukua bondia mmoja, Roberto Durán wa Panama, akaanza naye akiwa kijana wa uzito mwepesi, na anashuka naye mwaka kwa mwaka.

Mimi nauza dagaa, lakini zamani nilicheza ngumi za ridhaa, kilo 60. Durán nilimjua kama anavyojulikana vijiweni: yule aliyempa mgongo bondia Mmarekani Sugar Ray Leonard mwaka 1980, akakataa kuendelea. Habari yake ilianzia hapo na kuishia hapo.

Runinga ya banda ni ya kawaida tu, na mikanda ya miaka ya sabini ina chengachenga. Unacholipia ni mdomo wa mzee. Anazima sauti ya Kiingereza, anashika maiki, anatangaza mwenyewe. Ana utaratibu wake: dakika tatu za raundi anasema ngumi tu, mguu uko wapi, nani kabanwa kwenye kamba. Kengele ikilia, ile dakika moja ya mapumziko anatusimulia maisha ya mtu. Siku hizo mapambano ya ubingwa yalikuwa raundi 15, maana yake mapumziko 14. Hivyo ndivyo tulivyoijua El Chorrillo, mtaa wa maskini wa Jiji la Panama, na mtoto aliyekuwa akipiga watu viatu rangi na kuuza magazeti ili nyumbani wale. Hivyo ndivyo tulivyomjua kocha Ray Arcel, mzee aliyezaliwa 1899, ambaye alimfundisha kijana huyu kwamba ngumi ni akili kwanza.

Jumapili ya kwanza ilikuwa Ken Buchanan wa Uskoti, bingwa, Madison Square Garden, Juni 1972. Durán ana miaka 21. Tukiwa raundi ya 11 umeme ukakatika. Nilidhani watu watadai hela zao. Mzee akaendelea gizani bila maiki, anatangaza kutoka kichwani, ngumi kwa ngumi, hadi kijana wake alipowasha jenereta. Tulipoona picha tena, sikumkamata na uongo hata mahali pamoja.

Halafu ikaja raundi ya 13. Kengele imeshalia, Durán anaachia ngumi ya mwisho, Buchanan anaanguka ameshika chini ya tumbo. Refa hakuona kosa. Buchanan hakuweza kuendelea, mkanda wa ubingwa ukaenda Panama. Banda liligawanyika katikati! Mzee alirudisha picha nyuma mara tatu, akanyamaza, akatuacha tubishane. Mimi nasema ngumi ilikuwa chini, ingawa Durán alikuwa mbele sana kwa pointi. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba Buchanan hakupewa pambano la marudiano. Namheshimu mzee kwa kutolificha hilo, maana anampenda Durán waziwazi.

Lakini kama ungeenda siku moja tu, ningekuambia uende ile ya Esteban de Jesús. Huyu alikuwa wa Puerto Rico. Novemba 1972 alimwangusha Durán raundi ya kwanza na kumshinda kwa pointi, pambano lisilo la ubingwa. Machi 1974 wakarudiana Panama. Akamwangusha tena raundi ya kwanza, ila Durán akainuka na kummaliza raundi ya 11. Januari 1978, Las Vegas, mmoja ana mkanda wa WBA na mwingine wa WBC, vyama viwili vya ngumi vinavyotoa ubingwa wa dunia, Durán akamsimamisha raundi ya 12 na kubaki bingwa pekee wa uzito wake. Lile pambano la tatu ndilo ngumi bora niliyowahi kuiona. Durán hana haraka. Anakwepa kwa bega, anaingia ndani, anapiga mwili taratibu kama mtu anayepasua kuni za kesho.

Kati ya raundi ya 11 na ya 12 mzee akatuambia yaliyofuata. De Jesús aliishia gerezani, akaugua UKIMWI, akafa mwaka 1989. Wakati ule watu waliogopa hata kumgusa mgonjwa. Durán alikwenda kumtazama, akamkumbatia. Banda lote likawa kimya. Sisi watu wa ziwa hili miaka hiyo tunaijua. Mjomba wangu alitengewa sahani yake na kikombe chake, na mimi nilikuwa mtoto niliyekatazwa kuingia chumbani kwake. Kengele ikalia, mzee akarudi kwenye ngumi, lakini mimi sikuiona raundi ya 12 vizuri.

Kwa hiyo tulipofika 1980, tulikuwa tumeshamjua mtu. Juni, Montreal, anapanda uzito na kumshinda Leonard kwa pointi. Novemba, New Orleans, raundi ya nane, anageuka na kuacha. Katikati ya miezi hiyo mitano alinenepa sana, kisha akalazimika kupunguza kilo nyingi kwa haraka. Mwenyewe alisema tumbo lilimkata. Vijana wa nyuma walicheka. Mimi nimewahi kukimbia hadi Capri Point nimevaa mifuko ya nailoni chini ya sweta ili nipunguze kilo tatu, na nilipopanda ulingoni miguu haikuwa yangu. Sicheki.

Kasoro zipo. Tangazo linasema saa mbili usiku, ila mpira ukichelewa mnaanza saa tatu, na boda ya kurudi Igoma saa sita usiku si bei ya mchana. Benchi ni mbao tupu. Nguzo ya katikati inaziba runinga kwa watu wa safu mbili za nyuma, na wanalipa sawa na wengine, jambo ambalo si haki. Durán alitetea ubingwa wa uzito mwepesi mara 12, mzee ametuonesha chache mno. Ningetoa Jumapili mbili zaidi kwa ajili ya hizo kabla ya kuruka kwenda kwa Leonard. Kahawa ni nzuri, kashata ni ya leo. Akina mama wa Mwaloni wamewekewa benchi lao mbele na hakuna anayewasumbua.

Jumapili ijayo ni Davey Moore, New York, 16 Juni 1983, siku ambayo Durán alitimiza miaka 32, na baada yake Iran Barkley, 1989. Nenda mapema, ukae kushoto mwa nguzo. Mimi nimeshamwomba mzee anitunzie nafasi benchi la pili, kwangu na kwa mama yangu, ambaye ndiye aliyemuuguza mjomba.