Kiredio cha USB kutoka Luthuli: nimekitumia kufundisha aksioni

Nilikinunua Luthuli Avenue Jumamosi moja, kwenye kibanda cha vipuri vya redio, kwa shilingi 4,200. Bei ilianzia 5,500, tukapatana. Ni kidude kisichozidi kidole gumba kwa ukubwa, unakichomeka kwenye laptopu, na kina antena fupi yenye kitako cha sumaku. Kijana wa dukani akaniambia, "Mwalimu, hii watu hutumia kufuatilia ndege."

Mimi nilikuwa na haja nyingine. Nafundisha fizikia Eastlands, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walikuwa wameniuliza maada ya giza, ile inayojulikana kwa mvuto wake tu, hutafutwaje ikiwa haionekani. Mojawapo ya njia ni redio. Mwaka 1983 Pierre Sikivie alipendekeza kwamba aksioni, chembe nyepesi mno ambayo huenda ndiyo maada hiyo, ikipita kwenye sumaku kali inaweza kugeuka wimbi la redio. Masafa ya wimbi hilo yanategemea uzito wa chembe, na uzito wenyewe hakuna aujuaye. Kwa hiyo unazungusha kitufe, stesheni baada ya stesheni. (Jina aksioni Frank Wilczek alilitoa kwenye sabuni ya kufulia. Darasa zima lilipenda hilo.)

Kiredio hiki hupokea kuanzia megahezi 24 hivi hadi 1,700 na ushee. Tulianza na Redio Taifa ili waone stesheni inavyosimama kama mnara kwenye skrini. Kisha nikawapeleka megahezi 645 hadi 680, masafa ambayo ADMX, jaribio la kutafuta aksioni kule Seattle, lilipekua na kutangaza matokeo mwaka 2018. Kiredio huonyesha takriban megahezi 2.4 kwa mara moja, basi hatua 15 zilitosha, dakika chache tu. ADMX walitumia miezi.

Tulichoona hapo ni vilima vipana vya televisheni ya dijitali. Nikaazima sufuria kubwa jikoni, tukaiweka antena ndani na kufunika. Vilima vikanywea. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akasema, "Kwa hivyo wao pia wako ndani ya sufuria." Ndivyo hasa: chumba chao ni mcheduara wa chuma uliopakwa shaba, wa lita zipatazo 140, ndani ya sumaku ya karibu tesla 8 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), na vijiti vya shaba vinavyosogezwa polepole kubadilisha masafa.

Sasa kasoro. Baada ya dakika 20 kinapata moto hadi hukishiki vizuri, na masafa yanaanza kuteleza. Antena ni hafifu, kitako chake kilibanduka wiki ya pili. Waya wa kurefusha USB hauji nacho, na bila huo kelele za laptopu zinaingia kila mahali. Nunua waya wa mita mbili hapo hapo.

Hata huo moto nimeutumia. Kitu chenye joto hutoa kelele za redio, na ishara inayotafutwa ni ndogo kupita kiasi: wati 1 uigawe kwa 1 yenye sifuri 23. Ndiyo maana ADMX hupoza mtambo wao hadi sehemu ndogo tu ya digrii juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa.

"Mwalimu, kwa hivyo hawakupata kitu?" Niliulizwa na wengi, kwa huzuni ya kweli. Hawakuipata pale. Lakini sasa twajua kwamba kama aksioni ndiyo maada yote ya giza inayotuzunguka, basi aksioni ya aina waliyoipima, kama nadharia inavyoieleza, haina uzito unaolingana na megahezi 645 hadi 680. Baadaye wakapanda hadi karibu megahezi 1,000, na bado wanapekua.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Kwa mwalimu wa fizikia, ni shilingi 4,200 zilizotumika vizuri. Ile ya tano ningeitoa kama kingekuja na kipoza joto.