Hifadhidata Ipi Inapatana na Git? Tathmini ya SQLite, CouchDB na Dolt

Timu nyingi zinazotumia Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo, hujikuta katika hali moja: msimbo wao una historia kamili, matawi (njia sambamba za kazi) na njia ya kurudi nyuma, ilhali data ambayo msimbo huo unaitegemea haina hata kimoja kati ya hivyo. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikizipima hifadhidata tatu ambazo hutajwa kuwa zinaweza kuziba pengo hilo, na nimezipima kwa kazi moja ileile, yaani orodha ya istilahi inayohaririwa na watu kadhaa, kila mmoja kwenye kompyuta yake na mara nyingi bila mtandao. Jedwali la kwanza lina namba ya utambulisho, neno, ngeli na maana. Jedwali la pili lina mifano ya matumizi, na kila mfano unarejelea neno lake katika jedwali la kwanza. Data yenyewe ni ndogo, lakini inatosha kuonyesha mahali ambapo kila hifadhidata inashindwa.

Wengi huuliza kama hifadhidata fulani inaweza kutunza matoleo ya zamani. Swali hilo ni jepesi mno, kwa kuwa hata nakala rudufu ya kila usiku hutunza matoleo ya zamani. Jambo ambalo Git na mwenzake Mercurial, zote za mwaka 2005, zilifanya liwe la kawaida ni kwamba watu wawili huachana njia, kila mmoja akafanya kazi kivyake, kisha kazi zao zikaunganishwa bila mmoja kufuta ya mwenzake. Hifadhidata isiyoweza kuunganisha matawi mawili yaliyoachana haipatani na mfumo wa aina hiyo, hata ikiwa na historia ndefu kiasi gani, na hicho ndicho kigezo nilichokitumia.

Nilianza na SQLite kwa sababu wengi huanzia hapo. Hifadhidata nzima ni faili moja, kwa hiyo inashawishi kuiweka ndani ya hazina ya Git (mahali inapotunza faili na historia yake) kama faili nyingine yoyote. Tatizo ni kwamba faili hiyo si maandishi. Imepangwa katika kurasa, kwa kawaida za baiti 4096 kila moja, na badiliko la neno moja linaweza kugusa kurasa kadhaa pamoja na kihesabu cha mabadiliko kilicho mwanzoni mwa faili. Git haina namna ya kusoma yaliyomo; inajua tu kwamba faili hizi mbili zinatofautiana, na wakati wa kuunganisha inamtaka mtu achague moja na kuiacha nyingine. Isitoshe, hifadhidata ikiwa katika hali ya WAL (kuandika kwanza katika kumbukumbu ya pembeni), maandiko mapya hukaa kwanza katika faili ya pembeni yenye jina linaloishia na -wal. Sisi tuliwahi kukomiti (kurekodi katika historia ya Git) faili kuu peke yake, kwa kuwa faili ya .gitignore, yaani orodha ya faili ambazo Git izipuuze, tuliyoiandika wenyewe ilikuwa imeizuia ile ya pembeni, na marekebisho ya siku mbili hayakuwamo katika nakala aliyoipokea mwenzetu.

Dawa inayojulikana ni kuigeuza hifadhidata kuwa maandishi kwa amri ya .dump, ambayo hutoa sentensi za SQL, lugha ya kuulizia na kubadilisha hifadhidata, zinazoweza kuijenga upya. Git inaweza kuelekezwa kuitumia amri hiyo kila inapoonyesha tofauti, na usomaji wa mabadiliko huwa mwepesi ghafla: unaona mstari uliotoka na mstari ulioingia. Ni lazima ieleweke, hata hivyo, kwamba mpangilio huo husaidia kutazama tu, si kuunganisha. Ili kuunganisha, ni lazima maandishi yenyewe ndiyo yahifadhiwe katika Git, na faili ya SQLite ijengwe upya kutoka humo.

Tulifanya hivyo kwa wiki kadhaa, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba Git huunganisha mistari, haiunganishi data. Mhariri mmoja alirekebisha ngeli ya neno, mwingine akarekebisha maana ya neno lilelile. Kazi hizo mbili hazigongani kwa namna yoyote, lakini kwa Git ni mgongano, kwa sababu zote mbili ziko katika mstari mmoja. Wahariri wawili walipoongeza maneno mapya, kila mmoja mwishoni mwa jedwali, Git ililalamika tena, kwa kuwa mistari yote miwili ilidai mahali pamoja. Upo mpangilio wa merge=union unaoiambia Git ihifadhi mistari ya pande zote mbili, na kwa orodha inayoongezwa tu unafaa, lakini mstari wa zamani ukihaririwa na watu wawili, matoleo yote mawili hubaki, yakiwa na namba moja ya utambulisho.

Kuna kosa lililo baya zaidi, nalo ni lile lisiloonekana. Mhariri wa kwanza anafuta neno ambalo ameona ni marudio. Wa pili, bila kujua, anaongeza mfano wa matumizi chini ya neno hilohilo. Mabadiliko hayo yako mbali katika faili, kwa hiyo Git inayaunganisha bila kusema lolote, na matokeo yake ni mfano usio na neno. Mtu angetarajia kwamba SQLite italikataa jambo hilo wakati wa kujenga upya, lakini maandishi yanayotolewa na .dump huanza kwa kuzima ukaguzi wa funguo za kigeni (viungo vya jedwali moja kwenda jingine), kwa hiyo data iliyovunjika huingia kimya. Anayetumia njia hii hana budi kuendesha amri ya kukagua viungo hivyo, PRAGMA foreign_key_check, kila baada ya kuunganisha. Ningependa kila anayefikiria njia hii alijue jambo hilo kabla hajaanza.

CouchDB huletwa katika mazungumzo haya kwa sababu imejengwa kwa ajili ya kazi iliyosambaa tangu mwanzo: kila nakala hukubali maandiko, hata bila mtandao, kisha nakala husawazishana. Nakala mbili zikibadilisha hati moja, zote huchagua mshindi yuleyule kwa kanuni moja, na aliyeshindwa hubaki akisubiri programu imuulizie. Ni muundo mzuri kwa programu ya simu inayofanya kazi nje ya mtandao. Lakini namba ya toleo iliyomo katika kila hati isimdanganye mtu. Matoleo ya zamani huondolewa hifadhidata inapobanwa, hayasafiri kwenda kwenye nakala nyingine, na hakuna matawi. Kwa kigezo changu, CouchDB inajua kusawazisha lakini haina historia ya kuitegemea.

Dolt ndiyo pekee kati ya hizi tatu iliyofaulu jaribio langu lote, na ilifaulu kwa sababu historia haikuongezwa juu yake baadaye bali imo katika namna inavyohifadhi majedwali. Ni programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya Go, inazungumza lugha ya hifadhidata maarufu ya MySQL, na amri zake zimefuata zile za Git kiasi kwamba anayezijua hahitaji kufundishwa: dolt clone, dolt branch, dolt merge, dolt push. Ndani yake data imepangwa katika miti ambayo kila kipande chake kinatambulishwa kwa alama fupi inayokokotolewa kutokana na yaliyomo (hash), na data ileile huzaa mti uleule hata kama safu (mistari ya jedwali) ziliingizwa kwa mfuatano tofauti. Kwa hiyo, ikilinganisha matoleo mawili, huviruka vipande vyote vinavyofanana na kusoma vilivyotofautiana tu, na gharama ya kulinganisha hufuata ukubwa wa mabadiliko badala ya ukubwa wa jedwali.

Nilirudia majaribio yaleyale. Ngeli iliyorekebishwa upande mmoja na maana iliyorekebishwa upande wa pili ziliungana bila swali, kwa kuwa Dolt hulinganisha kisanduku kwa kisanduku ikifuata ufunguo msingi (utambulisho wa pekee wa kila safu). Wahariri wawili walipobadilisha kisanduku kimoja, mgongano uliwekwa katika jedwali linalosomeka kwa SQL, likionyesha thamani ya awali, ya kwetu na ya kwao, na mhariri asiyejua lolote kuhusu Git aliweza kuusoma na kuamua. Ule mfano usio na neno nao ulinaswa: muunganiko ulisimama na safu yenye kasoro ikaorodheshwa katika jedwali la dolt_constraint_violations. Nilipoiona safu hiyo nilifurahi sana, maana tulikuwa tumeitafuta kwa mkono mara nyingi.

Hayo hayafanyi Dolt ikose masharti. Mtu akitumia namba zinazojiongeza zenyewe, nakala mbili zilizoachana zitatoa namba moja kwa maneno mawili tofauti, na kuunganisha kutaleta mgongano usio wa lazima; tulibadilisha utambulisho wote kuwa UUID (utambulisho mrefu wa nasibu usiojirudia) kabla ya kuendelea, na ningemshauri mwingine alifanye hilo siku ya kwanza, kwa sababu kulifanya baadaye kunagusa kila jedwali linalorejelea. Vilevile, kuhitimisha muamala wa SQL (kundi la maandiko yanayohifadhiwa kwa pamoja) si sawa na kukomiti katika historia ya Dolt. Programu ya kawaida ya MySQL itaandika data yake vizuri na isiache komiti yoyote nyuma yake, mpaka mtu aiite DOLT_COMMIT kwa makusudi.

Sharti kubwa zaidi ni kwamba Dolt ina hazina yake yenyewe, iliyo nje ya Git. Msimbo una historia moja na data ina nyingine, na hakuna anayezifunga pamoja isipokuwa timu yenyewe. Kwa data ya mamia machache ya safu inayohaririwa na mtu mmoja au wawili, mzigo huo haufai, na faili ya CSV (jedwali la maandishi lenye thamani zilizotenganishwa kwa mkato) iliyopangwa kwa ufunguo wake ndani ya Git inatosha kabisa. Na kwa hifadhidata ya programu iliyo kazini, ambayo data yake inatoka kwa watumiaji, kinachostahili kuwa katika Git ni hatua za kubadilisha muundo wa majedwali tu. Hapo ningetumia Sqitch, zana ya kusimamia hatua hizo, kwa kuwa hatua zake hutambulishwa kwa majina na mategemeo, si kwa namba za mfuatano ambazo matawi mawili huzigombania.

Kwa orodha yetu ya istilahi tulibaki na Dolt. Katika hazina ya msimbo tumeweka faili ndogo ya maandishi yenye mstari mmoja tu, nao ni utambulisho wa herufi 32 wa komiti ya data ambayo msimbo huo ulipimwa nayo. Anayerudi kwenye toleo la zamani la msimbo huusoma mstari huo, huitaka Dolt irudi kwenye komiti hiyo, na hupata orodha kama ilivyokuwa siku ile.