Mwezi Mzima Ndani ya Jinzi Pana, Naleta Mrejesho

Mwenzenu niliingia mkenge, afu mkenge wenyewe nimeupenda. Hii jinzi pana ya kisasa, ile ambayo mguu mmoja unaweza ukamficha mtoto, nimeivaa mwezi na siku kadhaa sasa, nimeifua mara nne na kwa fundi imeenda mara mbili, kwa hiyo ninachoandika hapa nakijua.

Chanzo ni binti wa dada yangu. Mimi ni mtu wa modo, zile jinzi za kubana mguu mzima, tena modo haswa, ile unaivaa umelala kitandani na pumzi umeibana, ninazo tano na zote zinanikaa. Siku hiyo kaja nyumbani, kaniangalia kuanzia kiunoni hadi kwenye kifundo cha mguu, akaniambia kwa huruma kabisa, "Mama mdogo, kumbe bado unavaa hizo?" Hizo! Utadhani nimejifunga gunia. Nikamjibu hizi ndo habari ya mjini, akacheka mpaka akakaa chini. Baadae ndo najua kumbe kesi ilishaisha kitambo, tangu 2021 watoto wa TikTok walishapitisha kuwa modo ni za wazee na sisi wenye modo hata kuitwa kujitetea hatukuitwa.

Basi usiku nikaingia kwenye duka moja la mtandaoni, jina naliacha sitaki ugomvi, nikamuona dada mmoja kavaa jinzi imemshika kiuno kama imechorwa halafu chini inamwagika taratibu mpaka juu ya kiatu, nikasema huyu ni mimi. Sio mimi. Picha za dukani zinapikwa jamani, nguo ikimzidi mvaaji wanaikusanya kwa nyuma wanaibana na klipu, kwa mbele unaona kiuno cha nyigu kumbe mgongoni pako kama kamba ya kuanikia nguo. Na yule dada ni mrefu, mimi nikijinyoosha sana nafika sentimita 158.

Kwenye saizi nako ni vituko. Modo zangu tano zina namba tatu tofauti na zote nazivaa, sasa hapo nichague ipi? Nikaanza kusoma soma (mimi nikikosa usingizi nasoma chochote) nikakuta kumbe Wamarekani walijaribu kulimaliza hili zamani, mwaka 1939 na 1940 wakapima wanawake karibu 15,000, mtu mmoja anapimwa makumi ya vipimo, 1958 vikatoka viwango rasmi vya saizi, ilipofika 1983 vikafutwa. Siku hizi kila kampuni na namba zake, na wengine wanaishusha makusudi ili mteja ajione kapungua. Mimi nilichukua ile ya katikati kwa kubahatisha.

Mzigo ukafika. Kitu cha kwanza ni uzito, nilidhani wameniwekea mbili. Hii ni pamba tupu, haina ule uzi wa kuvutika, ule ambao mkemia Joseph Shivers aliutengeneza kwenye kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1958 na ndo uliotufanya sisi watu wa modo tujione tuna miili ya mpira. Modo ukishiba inashiba na wewe. Hii ukishiba inakuambia kaa wima. Wiki ya kwanza nilikuwa nikikaa nafungua kifungo, nikisimama nafunga, ila baada ya kufua mara mbili kitambaa kikanizoea, au mimi ndo nilikizoea.

Kiunoni haikuwa mbaya, kwa nyuma inaachia kidogo, mkanda unamaliza. Balaa lilikuwa urefu. Mguu kwa ndani ni sentimita 86, mimi wangu 73, fanya hesabu mwenyewe. Nikiivaa pekupeku miguu haionekani kabisa, natembea kama nimepanda kiti chenye magurudumu. Mama akanitazama akauliza, "Si bugaluu hizi? Mbona tulizivaa ujanani, mnaziita mpya?" Nikamwambia mama hizi ni tofauti, akaja akashika pindo, akalizungusha mkononi, akasema "ni zilezile" akaenda zake.

Nikawaandikia wauzaji kwamba suruali imezidi urefu wa kwenye jedwali lao, lililosema 78, nikaambatanisha na picha ya futi imelala juu ya kitambaa, namba zinasomeka kabisa. Nikajibiwa ndani ya dakika moja: "Asante! Tumefurahi kuwa umependa!" na ua. Nikaandika tena, ua la pili. Nikaona hapa naongea na mashine nikaachana nayo. Nyota moja na nusu zimeondoka hapo, na hazirudi.

Fundi wangu ni mtu wa maneno machache. Akaitandaza mezani, akauliza nitakuwa navaa na kiatu gani, na hilo ndo swali ambalo duka zima halikuniuliza. Nikasema raba. Akaniambia kavae hizo raba uje usimame hapa. Akaweka chaki, akakata sentimita 11 kila mguu, na ule mshono wa chini wa kiwandani, ule mnene wa uzi wa rangi ya dhahabu, akaubandua akaurudishia ulipokuwa hadi leo sijui ameunganishia wapi. Mara ya pili nilirudi kwa ajili ya kiuno, akapunguza kwa nyuma, imekaa. Vipande alivyokata akanifungia kwenye mfuko, chukua hiki ni kitambaa kizuri usitupe.

Haya maisha ya kila siku ndani yake yakoje? Kupanda ngazi unashika suruali kwa vidole viwili kama bibi harusi. Ngazi za umeme mimi nimeziacha, siku moja pindo lilienda upande wake mimi nikaenda wangu, nilipona kwa sababu kaka mmoja nyuma alinidaka kiwiko. Mvua usiulize. Unakanyaga kidimbwi kidogo tu maji yanaanza kupanda, unayaona yanavyopanda, ukifika ofisini yako magotini na una uzito wa ndoo mguu kwa mguu. Kukauka ni siku mbili. Rangi nayo, mara ya kwanza kufua maji yalikuwa bluu ya wino na taulo yangu nyeupe ikapata baraka hizo hizo, maana hii rangi ya jinzi inakaa juu juu ya uzi haiingii hadi ndani, ndo maana jinzi inapauka vizuri na ndo maana pia inapaka viti vya watu. Ifue peke yake, ndani nje, maji ya baridi.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nisiirudishe. Mifuko!

Wanaume hamuwezi kuelewa, endeleeni tu kusoma. Nimeingiza mkono mfukoni ukazama mpaka juu ya kiwiko kidogo, sitanii, nikaweka simu ikashuka mpaka katikati ya paja, natembea inanigonga kwa chini kama kengele ya mbuzi, nikaweka na funguo, na pochi ndogo, na kitana, na bado kuna nafasi. Modo zangu tano zote mfuko wa mbele unaingia vidole viwili na aibu. Mbili kati ya hizo hata mifuko si mifuko, ni mshono tu wa kukudanganya. Na sio mimi tu naona hivyo, 2018 kuna watu walikaa wakapima jinzi 80 za kampuni 20, wakakuta mifuko ya mbele ya kike kwa wastani ni mifupi kwa asilimia 48 kuliko ya kiume. Karibu nusu!

Na kinachoniuma zaidi, jinzi yenyewe ilizaliwa kwa sababu ya mfuko. Fundi Jacob Davis huko Marekani alichoka kushona mifuko ya vibarua iliyochanika, akagongelea vile vichuma vya shaba kwenye kona ili isichanike, akaungana na Levi Strauss aliyekuwa anamuuzia kitambaa, na Mei 1873 wakapewa hataza yao, ile haki ya serikali ya kumiliki ubunifu. Suruali ya kazi, ya kubebea vitu. Ilipotufikia sisi wanawake vichuma wakavibakiza, mfuko wakautoa.

Wakishautoa wanakuuzia mkoba, biashara si ndo hiyo. Na mkoba wenyewe sasa! Kuna mwaka walikuja na vile vidogo vya kubebea lipustiki moja, na pengine nusu. Mwaka 2023 kikundi kimoja cha wasanii wa New York kinaitwa MSCHF kikatengeneza kimkoba kidogo kuliko punje ya chumvi, kukiona mpaka darubini, kikapigwa mnada kikanunuliwa kwa zaidi ya dola 63,000. Najua wenyewe walikuwa wanafanya utani, lakini mtu aliyelipa hakulipa utani. Mwaka kabla yake Balenciaga, kampuni ya mitindo ya bei mbaya, nao wakauza mfuko wa ngozi ulioshonwa ufanane na mfuko wa taka, dola 1,790, na huo angalau vitu vinaingia. Mimi nikiona hayo najiambia jinzi yangu ya kufagia sakafu ina akili timamu kabisa.

Kwa hiyo kama unataka kununua: usiangalie namba, chukua futi upime suruali yako inayokukaa vizuri, kuanzia pale miguu inapoachana mpaka chini, ulinganishe, na uombe picha kutoka kwa mtu aliyenunua sio kutoka dukani. Tenga na hela ya fundi kabisa. Mfupi mwenzangu usiogope wanaokuambia hazitufai, ikikatwa kwa kiatu unachovaa kweli inakurefusha, ikizidi hata vidole viwili unakuwa unaonekana umeazima. Juu vaa kitu cha kushika mwili, nilijaribu na shati pana nikafanana na hema.

Nyota tatu na nusu. Kitambaa na mifuko ni tano, jedwali la vipimo ni sifuri, lile ua sijui nilipe ngapi.

Vile vipande vya fundi binti wa dada yangu alivibeba, akashona kimkoba cha begani, kizuri hasa, na ule uzi wa dhahabu kautafuta akauweka, marafiki zake wote wanataka. Kina kimo cha sentimita 10. Tukitoka wote simu yake haiingii, nambebea mimi mfukoni.