Ski zangu mpya: kwenye unga zinaelea, kwenye barafu ni kesi nyingine

Mimi ni mtoto wa Tanga, theluji niliyoijua utotoni ni ile ya kukwangua kwenye friza. Huu ni msimu wangu wa saba Utah, Marekani, na baada ya kuchoka kukodi, Januari nilinunua ski zangu mwenyewe, yaani zile mbao mbili ndefu za kutelezea kwenye theluji: urefu sentimita 172, upana chini ya buti milimita 98, kiini cha mbao na bamba la alumini katikati tu. Kampuni siitaji, maana karibu kila mtengenezaji ana ski ya umbo hili na wote wanainadi vilevile, kwamba ni ya mlima mzima, yaani ya kila aina ya theluji. Nimezitumia siku 11, nyingi nikiwa Brighton, kituo cha kuteleza juu kabisa ya bonde la Big Cottonwood.

Dukani niliona bei nikafurahi, kumbe vifungio vya kushikia buti vinauzwa kivyake, na fundi wa kuvifunga ana ujira wake. Ulizeni kabla hamjatoa kadi.

Siku ya pili ilianguka theluji ya usiku kucha, ikanifika juu ya vifundo. Theluji mpya ya huku ni kavu na nyepesi kama unga wa sembe, ndiyo maana naiita unga, na wenyeji wanajivunia hata kwenye vibao vya namba za magari yao. Hapo ndipo nilipoona pesa yangu imekwenda wapi. Ncha ya mbele imepinda kwenda juu, basi inapanda juu ya theluji kama omo wa ngalawa unavyopanda wimbi. Zile nyembamba za kukodi zilikuwa zinazama pua, nikilazimika kukaa kisogosogo mpaka mapaja yawake moto. Hizi nasimama katikati, nakunja magoti kidogo, nazo zinageuka zenyewe kati ya miti.

Ila unga haukai. Kufika saa sita mchana watu wameshauvuruga ukawa mafungu mafungu, na ncha hizohizo nyepesi zikawa zinapigwa huku na kule. Ukipunguza mwendo zinatulia. Ukitaka kukimbia, jiandae kupambana nazo.

Sasa barafu. Kulikuwa na siku mbili za jua, kisha usiku mmoja wa baridi kali, na asubuhi njia zilizosawazishwa na mashine zilikuwa ngumu kama sakafu ya terazo. Nikashuka upande wa Great Western, lifti ya viti vya kuning'inia inayopandisha watu mlimani. Kona ya kwanza salama, ya pili mkia ukaanza kutetemeka kama bati lililong'oka misumari, ya tatu nikateleza kwa ubavu hatua kama ishirini. Nyonga ilivilia damu wiki nzima. Ski pana ina tatizo lake la maumbile: ukingo uko mbali na katikati ya mguu, kwa hiyo kuilaza ubavu kunachukua muda na magoti ndiyo yanayolipa. Nilinunua tupa, nikazinoa kingo, mambo yakawa nafuu, si mazuri. Kama mnaishi jimbo la Vermont au kokote kwenye barafu nyingi, tafuteni za milimita 85 hivi.

Machi theluji ikawa rojorojo, na humo zimenishangaza. Zinapasua bila kukwama, hata kwenye vile vichuguu vinavyochimbwa na wateleza wengi. Sharti nta ya kupaka chini ya ski ili ziteleze. Siku niliyosahau kupaka nta ya hali ya joto, theluji ilizishika ghafla, nikabaki kidogo niende kifudifudi mbele ya foleni ya lifti.

Mwenzangu mmoja Mkongo, tunayepanda naye basi la kwenda mlimani, aliziazima mteremko mmoja. Yeye ana kilo 62, mimi 84. Alirudi anahema. "Ndugu, hizi si ski, ni mtumbwi, zinanipeleka zinakotaka." Nikamwambia atafute za sentimita 164.