Mkaa mbadala wa vifuu: wa sufuria ya mbaazi, si wa chai ya haraka

Napika mbaazi za nazi na mahamri hapa Tanga, biashara ya asubuhi, na anayezijua mbaazi kavu anajua zinavyomaliza mkaa. Kwa hiyo vijana wa mtaa wa pili walipoanza kuuza mkaa mbadala wa vifuu vya nazi, nilinunua mfuko nikaupeleka moja kwa moja kwenye sufuria kubwa.

Kwa kazi hiyo nausifu bila kusita. Ukishashika, moto wake unatulia palepale. Mkaa wa kawaida nilikuwa lazima niongeze katikati ya mapishi, jiko linapoa, mbaazi zinagoma kuiva. Huu napanga mara moja tu, mbaazi zinalainika, na makaa yanayobaki yana joto la kiasi kinachotakiwa na tui. Tui zito halitaki moto wa fujo, litakatika. Tena haurushi cheche, na sufuria haichafuki sana.

Kwenye mahamri siuweki. Mafuta yanataka moto mkali upesi, na mkaa huu ni mzito kuwaka. Kuuwasha, mimi natanguliza makumbi makavu na vipande vichache vya mkaa wa kawaida, naupanga juu yake kwa kuachanisha ili hewa ipite, halafu nasubiri mpaka uvae majivu meupe. Mtu anayetaka chai ya chapuchapu kabla ya kuwahi daladala atauchukia.

Nilikwenda kuona unavyotengenezwa. Vifuu wanavikusanya kwa wakuna nazi sokoni, ambako vingeishia jalalani, na maranda wanayapata kwa mafundi seremala. Wanavichoma ndani ya pipa lililofunikwa, hewa ikiingia kidogo sana, ili vigeuke mkaa badala ya kuteketea. Kisha wanasaga, wanachanganya na uji wa unga wa muhogo ili vishikane, wanashindilia kwa mashine na kuanika juani. Kijana mmoja alivunja kipande mbele yangu. "Tazama ndani, mama. Ukiona rangi ya kahawia hapa katikati, ujue vifuu vyake havikuiva kwenye pipa. Hicho kitakutolea moshi." Tangu siku ile sinunui kabla sijavunja kimoja.

Nakagua hivyo kwa sababu mikaa mbadala haifanani. Niliwahi kununua kwingine mfuko uliogandishwa kwa udongo mwingi. Udongo hauungui, kwa hiyo jiko lilijaa majivu, matundu ya chini yakaziba na moto ukafifia mbaazi zikiwa nusu mbichi. Wateja hawangoji.

Maji nayo ni adui wa mkaa huu. Mkaa wa miti unaweza kuuzima kwa maji, ukauanika na kuutumia tena. Huu ukiumwagia maji unamumunyuka, maana kilichoushika ni uji wa muhogo. Ukitaka kubakiza, ufunike ukose hewa. Msimu wa masika naweka mfuko juu ya kichanja, mbali na sakafu.

Na jamani, kukosa moshi kusimdanganye mtu akaingiza jiko chumbani na kufunga madirisha. Mkaa huu, kama mkaa wowote, unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na hewa hiyo inaua. Pikia nje au penye upepo.

Bei: kilo 5 nazipata kwa shilingi 5,000. Anayepima kwa macho atasema kisado cha mkaa wa miti ni nafuu. Kwa sufuria inayokaa jikoni muda mrefu, mimi naona huu unanirudishia hela, kwa sababu siongezi. Kwa anayepika ugali na dagaa jioni, tofauti sidhani kama ataiona.

Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Gesi ninayo, ndiyo ya mahamri. Lakini kuchemshia mbaazi sufuria ile kwa gesi, mtungi hauchelewi kuisha, na kujaza mwingine ni hela ya mara moja ambayo sisi wa biashara ndogo hatuwi nayo kila wiki. Hapo ndipo mkaa wa vifuu unaponifaa, na naununua tena.

Nimewaomba vijana jambo moja: waandike juu ya mfuko kilichomo ndani, kama ni vifuu vitupu, vifuu na maranda, au kuna udongo, na kiasi gani.