Saa ya dakika yenye duara jekundu: inamfaa mtoto anayekwepa daftari?

Ukiitafuta Kariakoo, ulizia kwenye maduka ya vyombo vya jikoni, si ya vifaa vya shule. Uso wake una dakika 60. Ukizungusha kishikio chake, wekundu unatokea, halafu unapungua kidogokidogo mpaka unakwisha. Uzuri wake ni huo tu, lakini si mdogo: mtoto mwenye shida ya umakini anaweza kusoma saa vizuri na bado “dakika kumi” zisimwambie kitu. Wekundu unaopungua anauona.

Tatizo ni jinsi inavyotumiwa. Mtoto anayevunja ncha ya penseli mara tatu, anaomba maji, mara choo, mara daftari limebaki shuleni, mara nyingi hana utundu wowote. Anajilinda. Afadhali aitwe mvivu kuliko ajaribu hesabu kumi mbele ya mama na akose nane. Ukimwambia “zote ziishe kabla nyekundu haijaisha”, umemwongezea mtihani mwingine, na usishangae saa ikikutwa chini ya kochi.

Anzeni na dakika 5, si 30. Funika ukurasa kwa karatasi zibaki hesabu mbili, ya kwanza iwe anayoiweza. Saa ipime muda wa kukaa na kazi, majibu yasihesabiwe. Ikilia anaacha, hata kama kuzidisha kumefika katikati. Akitaka kumalizia, mwache. Anatembea dakika 2, kisha duru nyingine.

Kuhusu saa yenyewe, ya betri tunaipa nyota nne kati ya tano, ya springi mbili. Ya springi inapiga tik-tik muda wote, na mtoto wa namna hii atasikiliza tik-tik badala ya kusoma. Tena nyingi hazilii ukizipeleka moja kwa moja kwenye 5: lazima uzungushe mbali kwanza, ndipo urudishe. Ya betri iko kimya, ila ijaribuni dukani kabla ya kulipa. Zipo zenye mlio wa king’ora, na mtoto akishtuka mara moja hataitaka tena. Yenye swichi ya kupunguza sauti ndiyo ya kuchukua.

Ya kwenye simu achaneni nayo. Ujumbe mmoja wa WhatsApp ukiingia, duru imekwisha.