Taa za mapambo za Kariakoo kwenye kibaraza cha Mama, Marangu: ipi ununue, ipi uiache

Kila Desemba wenzangu wa Dar huniuliza kama nishakata tiketi ya kwenda kuhesabiwa. Utani wa Wachaga huo, kwamba kila Krismasi lazima turudi kwetu Kilimanjaro tukahesabiwe, nimeuzoea. Krismasi iliyopita nilienda kuhesabiwa na mfuko mweusi wa taa mapajani, kutoka stendi ya Mbezi mpaka Moshi, maana kondakta alitaka kuutupia buti la basi chini ya magunia ya watu.

Sababu yenyewe ni kibaraza cha Mama. Kina balbu moja, na hiyo moja Mama huizima mara tu akishamwona mgeni ni nani. Nikasema safari hii kitawaka, ila kwa mapambo ya kutengeneza mwenyewe, kwa sababu bei ya yale ya dukani yenye sanamu za paa na Baba Krismasi ni ya kumchekesha mtu. Nilinunua aina tatu za taa, duka moja, kwenye kichochoro cha Kariakoo, nikazitumia siku 10 mfululizo, kuanzia tarehe 23 mpaka Mwaka Mpya. Haya ndiyo niliyoyaona.

Ya kwanza ni ile ya kuchomeka ukutani: mita 10, balbu 100, shilingi 8,000. Hii ndiyo kila mtu anaijua, ina kile kiboksi chenye kitufe cha kubadilisha mimweko. Muuzaji aliniambia, "Bosi, hii hata inyeshewe, haina shida." Niliizungusha kwenye nyota kubwa niliyoifunga kwa fito za mianzi na kamba za mgomba, tukaitundika juu ya mlango mimi na watoto wa dada yangu. Ilipendeza, siwezi kusema uongo. Majirani walisimama njiani.

Tarehe 24 jioni mvua ikaja. Wenyeji wanajua, vuli ya mlimani haiagi. Unadhani imekwisha, kumbe ilikuwa inapumzika. Maji yalitiririka na waya mpaka kwenye kile kiboksi nilichokiacha kining'inie nje, na swichi ya meini ikaruka. Nyumba nzima giza, watu ishirini na kitu wameshika sahani, mwingine amekosea akachota ndizi kutoka sahani ya mkwewe. Mama akasema kutoka gizani, kwa upole kabisa, "Baba, hiyo nyota yako imetufikisha Bethlehemu."

Kosa nusu ni langu. Balbu zenyewe zimezibwa kwa plastiki na hazikudhurika, ila kiboksi na plagi ni vitu vya ndani ya nyumba. Nilipokihamishia sebuleni na kuupitisha waya dirishani, haikuruka tena. Lakini siku ya tano theluthi moja ya nyota ikazimika. Taa hizi hufungwa kwa mafungu, na ndani ya kila fungu umeme unapita balbu hadi balbu kwa foleni, kwa hiyo balbu moja ikikata, foleni yake yote inalala. Nilibaki na nyota yenye pembe tatu. Kama kibaraza chako kina paa pana na soketi iko ndani, nunua. Vinginevyo acha.

Ya pili ni ya sola, shilingi 15,000, ghali kuliko zote, na ndiyo iliyoniudhi zaidi. Haijavunjika, haijaungua, ni kwamba imekosea mahali pa kuja kuishi. Shamba la Mama ni kihamba cha kweli: migomba juu, kahawa chini, na juu ya migomba kuna miti mingine. Kipaneli chenye ukubwa wa kiganja cha mtoto kinahitaji jua la waziwazi mchana kutwa ili kijaze kibetri kimoja kidogo. Hapo Marangu asubuhi kuna ukungu, mchana kuna kivuli, alasiri kuna mawingu. Taa iliwaka kwa muda usiofika saa moja, ikafifia kama mtu anayesinzia kanisani.

Halafu kuna jambo ambalo halikuandikwa popote kwenye boksi. Taa ya sola hujiwasha yenyewe paneli ikiona giza. Mimi nilikuwa nimeifunga paneli kwenye nguzo ya kibaraza, chini ya balbu ya Mama. Mama akiwasha balbu, taa inadhani kumekucha, inazima. Akizima balbu, inawaka. Siku mbili nimekuwa nikizilaumu nyaya, mpaka mtoto wa darasa la nne akanionyesha. Nikaihamishia kwenye uzio wa masale karibu na barabara, ambako angalau jua la saa sita linafika. Ikapanda mpaka saa mbili na nusu za kuwaka, haikuvuka hapo. Kwa mtu wa Dar mwenye ukuta unaochomwa na jua la Desemba, nadhani ingekuwa hadithi nyingine.

Sasa ya tatu. Ni uzi mwembamba wa shaba, mwembamba kama waya wa kufungia mkate, mita 2, balbu 20 ndogo kama punje za mtama, na kiboksi cha betri tatu zile za saa ya ukutani. Shilingi 3,000. Nilichukua sita, na kama ningejua ningechukua kumi na mbili.

Hizi ndizo za kutengenezea. Unaukunja unavyotaka na unakaa ulivyoukunja, hauchomi mkono, na balbu moja ikifa nyingine hazina habari. Mbili nilizitia ndani ya chupa tupu za vioo. Nne nikazifanyia taa za makopo ya maziwa ya unga, na hapa nieleze kidogo kwa sababu kopo la kwanza niliharibu. Ukilitoboa likiwa tupu, linabonyea. Lijaze udongo wenye unyevu, ushindilie kwa mti mpaka liwe zito kama tofali, ndipo uchore nyota kwa makaa na kutoboa kwa msumari, tundu hadi tundu upana wa kidole. Mwaga udongo, suuza, anika. Uzi unauviringisha kwenye kijiti katikati, kiboksi cha betri kinakaa chini, na kifuniko cha plastiki cha kopo kinabaki juu kuzuia maji. Ukiwasha, nyota zinajitupa ukutani. Watoto walikuwa wanalizungusha kopo ili nyota zipite juu ya uso wa babu yao kwenye picha.

Mama alilitazama kopo la kwanza muda mrefu. "Miaka yote nimeomba umeme ufike hapa niachane na koroboi," akasema, "na wewe umetoka Dar es Salaam kuniletea koroboi." Nilimwonyesha halina mafuta wala moshi, na hata likiangukia majani makavu ya mgomba halichomi kitu. Hakujibu. Lakini nililiona amelihamisha kutoka ngazini akaliweka karibu na kiti chake.

Onyo moja kuhusu hizi: betri. Zile za bei ya chini zilizouzwa pamoja na taa zilikufa usiku wa tatu. Nikashuka Marangu Mtoni nikanunua za alkali, ghali mara tatu, zikafika mpaka Mwaka Mpya, kila siku tangu jua linapozama hadi saa nne usiku. Pia usiukunje uzi mara nyingi mahali pamoja. Wangu mmoja ulikatika shingoni, pale unapoingia kwenye kiboksi. Na boksi lisiloandikwa idadi ya betri, lifungue dukani kabla hujalipa. Kuna zinazotumia betri bapa kama kifungo cha shati, hizo mimi sizitaki kwenye nyumba yenye watoto wadogo, ni rahisi mno kumeza.

Kwa alama za nyota tano, kama ilivyo desturi: ya ukutani mbili, ya sola moja na nusu, uzi wa shaba nne na nusu. Hiyo nusu umeipoteza kwa zile betri.

Nilirudi Dar, nyota ya mianzi nikaiacha darini kwa Mama. Makopo nilimwachia Mama mawili, kwa shingo upande, wake si wangu. Februari akanipigia, tukasalimiana, tukamaliza habari za ng'ombe na za mvua, ndipo akauliza zile betri nilizinunua duka gani pale Mtoni. Kumbe kopo moja analitundika mlangoni kwa ng'ombe, la kukamulia alfajiri umeme ukikatika.